Mama Pili na Kipa Aliyecheka Mno

Mama Pili alitujua kwa nguo zetu kuliko kwa sura. Ukimpelekea jezi isiyo na namba aliigeuza ndani nje, akainusa, akakwambia ni ya nani, na pengine akaongeza jana ulikunywa nini. Tulikuwa wachezaji kumi na wanane na hapakuwa na siri iliyopona kwenye beseni lake. Mimi aliniambia siku ya pili tu ya kambi kwamba jezi yangu haina jasho, kwa hiyo mshahara wangu ni sadaka. Nilikuwa kipa namba mbili. Kazi ya kipa namba mbili ni kukaa benchi na kumwombea namba moja mafua, na mimi kazi hiyo niliifanya kwa moyo.

Jina lake kamili ni Mwanakombo binti Halfani, Myao wa Masasi, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokaa pale tangu enzi za mababu. Siku hizi anauza vitumbua karibu na stendi, na ukimuuliza habari za mpira anakuuliza unataka vingapi. Watu husema alifukuzwa kazi ya kuifulia timu kwa sababu ya mdomo wake. Mdomo alikuwa nao, sikatai. Lakini hakufukuzwa kwa ajili ya mdomo, na wanaosema hivyo wananiudhi, maana baadhi yao walikuwepo wakaona.

Yeye Myao, mimi Mmakua wa Lulindi, nusu ya timu Wamakonde wa Newala na Tandahimba. Sote watani, basi kambi nzima ilikuwa matusi ya halali tangu chai ya asubuhi. Watu wa Newala aliwaambia kwao huko juu wananawa kwa umande kwa kukosa maji. Wao walimjibu kwamba Myao akisimama mahali siku mbili anafungua duka. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu mtani hakasiriki. Ndiyo sheria yenyewe.

Kwake yeye utani haukuwa mchezo. Mumewe alipofariki, mwaka wa themanini na tisa, alikaa mkekani siku mbili hasemi wala hali. Siku ya tatu akaingia jirani yao Mmakonde amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, anachechemea kama marehemu alivyochechemea, akauliza, “Mama Pili, chai yangu mmeiweka wapi?” Wanawake wakashika vichwa. Mama Pili akacheka, cheko likageuka kilio, na baada ya kilio akaomba uji. Alitusimulia kisa hicho si chini ya mara kumi. Aliamini utani ndio uliomrudisha, na mtu akishapona kwa dawa fulani, huwapa watu wote dawa hiyohiyo.

Miaka ile biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa Masasi kama nzi kwenye mabibo, na mmoja wao, kwa kutaka jina, akaichukua timu yetu ya Kusi Stars iliyokuwa inakufa. Tukapata kambi, wali, viatu vya njumu na mshahara wa kila mwezi. Tukapata pia Meneja Christopher, Mmakonde aliyekulia Nanganga, mtu mwenye faili chini ya kwapa na neno moja mdomoni: kazi ni kazi. Zamani ukiamka na roho nzito ulibaki kwenu, timu ikacheza bila wewe. Sasa tulikuwa na mikataba, na mkataba ulitaja homa, kuvunjika na msiba wa mzazi, basi.

Dastani ndiye aliyekuwa namba moja. Alitoka kijiji cha karibu na Newala, mrefu, mpole, ana mikono mipana ya mchimba visima. Nilimwonea wivu na yeye akanigawia glovu zake za akiba, jambo lililoniongezea wivu.

Mwezi wa nane, mwaka wa tisini na saba, tulicheza Tandahimba. Ulikuja mpira wa juu, Dastani akatoka kuufuata, akaruka, goti la kulia mbele, kama kila kipa anavyofundishwa kujikinga. Mshambuliaji wao akaruka pia. Aliitwa Jafari. Goti lilimpata tumboni chini ya mbavu. Refa hakupuliza hata filimbi, kwa kuwa halikuwa kosa. Jafari aliinuka mwenyewe, akatoka akijishika, na Jumatano tukaletewa habari kuwa amefariki.

Hakuna aliyemlaumu Dastani, hata Tandahimba kwenyewe. Tulichanga rambirambi. Meneja akaipeleka yeye peke yake, akamkataza Dastani kwenda kuzika asije akadhuriwa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mazoezini.

Ijumaa Mama Pili akaja kugawa nguo zilizopigwa pasi. Alimwona Dastani ameinama kitandani, akafanya alichokijua. Akamtupia jezi, akasema, “Haya Izraili, nguo yako. Na ukija kuchukua roho yangu, subiri nimalize kufua.”

Tukamgeukia wote. Kisha Dastani akacheka, nasi tukapumua, tukacheka wote. Jina likashika. Kufika jioni hata kocha alikuwa akiita Izraili toka, Izraili rudi golini. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Kwenye sinia la wali nilikuwa nasogea mbali, nawaambia wenzangu wachunge, huyu akikunyooshea mkono umekwenda. Dastani alicheka kila mara, na sisi tukajisifu kwamba tumemtoa kwenye huzuni.

Ila kicheko chake kilianza kuchelewa kuisha. Tulimaliza sisi, tukaendelea kula, yeye bado anacheka, macho makavu, tonge mkononi. Nililiona hilo. Ningesema sikuliona ningekuwa mwongo. Nililiona, nikahesabu kwamba akiharibika mimi ninadaka.

Aliyeona na asinyamaze ni Mama Pili. Kwanza ilikuwa ukosi wa jezi namba moja, uliotafunwa mpaka nyuzi zikaning'inia. Akaushona, ukarudi umetafunwa tena. Kisha suruali ya mazoezi. Kwenye goti la kulia kulikuwa na damu, na uwanja wetu ni changarawe, kipa kuchubuka si habari. Lakini damu ilikuwa upande wa ndani, kitambaa chenyewe hakijakwaruzika. Akaifua. Siku ya pili damu ipo palepale, duara lilelile. Siku ya tatu mvua ya msimu usio wake ilinyesha, hatukufanya mazoezi kabisa, na damu ikaja.

Aliniita kwenye kamba ya nguo, akaninyooshea suruali. “Anselmo, wewe unalala naye chumba kimoja. Huyu anafanya nini na goti lake?”

Nikamwambia anaoga. Anaoga muda mrefu, mara tatu mara nne kwa siku, na anajisugua goti kwa jiwe lile la kusugulia nyayo. Nilisema huku nacheka, nikatia na utani kwamba Izraili anafuta ushahidi. Mama Pili hakucheka. Tangu nimjue, hakuwahi kuacha kucheka utani wangu hata ulipokuwa wa kipumbavu. Alikunja ile suruali polepole. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Alikwenda kwa meneja siku hiyohiyo. Christopher hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu aliyebanwa. Marudiano na Tandahimba yalikuwa Jumapili, mnunuzi wa korosho angekuja kutazama, na ilisemekana tukifungwa nyumbani anaachana na timu. Meneja akauliza kama Dastani ana homa. Hana. Amevunjika? Hapana. Basi atadaka. Wazee wa kamati nao walikuwa wameshamwogesha dawa, wakisema watu wa Tandahimba wamemfunga. Kocha alikuwa amemwongezea mizunguko ya uwanja ili achoke alale. Padri wa parokia aliombwa kumwombea, akamwombea. Kila mtu alimpa alichokuwa nacho nyumbani, na hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Jumamosi alasiri nilikuwa nabeba ndoo za maji kwa adhabu ya kuchelewa, na Dastani alikuja kuleta nguo zake. Mama Pili akamwambia akae kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi nikataka kuondoka, akaniambia nikae pia, maana na mimi nahusika. Nikakaa. Mapovu ya sabuni yalikuwa bado mikononi mwake.

Alimwambia kwanza kwamba aliyelitoa lile jina ni yeye, na alikosea. Kwamba yeye alitaniwa akapona, akadhani kila jeraha ni lile lake. Dastani akaanza kucheka. Mama Pili hakumkatiza wala hakumsaidia kucheka. Alimwangalia tu, akangoja, na kule kungoja kulinitesa hata nikatazama ndoo. Kicheko kilienda, kikakosa mtu wa kukipokea, kikaisha.

“Leo sina utani, mwanangu,” Mama Pili akasema. “Nakuuliza kwa kinywa cha mama. Unafikiria kujiua?”

Nilishtuka. Kwetu neno hilo hulitamki mbele ya mtu, unaogopa kumfungulia mlango. Nilitaka kumziba mdomo.

Dastani akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. “Mechi ikiisha nitapanda gari la Newala. Nitakwenda pale Shimo la Mungu, Mama. Sitarudi.”

Wanaopajua pale ukingoni, ambapo nchi inakatika ghafla na huoni mwisho wa bonde, wataelewa alichokuwa anasema. Alisema kila akifumba macho goti lake linasikia tumbo la yule kijana, ulaini wake. Alisema watu wakicheka anacheka, kwa sababu mtani hakasiriki, na angekasirikaje wakati tunamtendea wema. Mama Pili akamuuliza kama anaweza kungoja. Dastani akasema mpaka mechi. Mama akamwomba asicheze. Dastani akasema meneja amemwambia asipocheza atakuwa amewaua na hawa kumi na saba.

Usiku ule Mama Pili hakwenda kwake. Alitandika khanga mlangoni petu, akasema mgongo unamuuma hawezi kutembea.

Jumapili tulivalia kwenye darasa la shule iliyo kando ya uwanja. Malori mawili ya mashabiki wa Tandahimba yalikuwa yamekwisha kufika, tulisikia ngoma zao. Mama Pili aligawa jezi zote isipokuwa namba moja. Hiyo aliiweka sakafuni kwenye mlango, akaikalia, akanyoosha miguu kutoka mwimo huu hadi mwimo ule. Ndivyo watani wanavyofanya msibani, huziba njia mpaka walipwe, na kwa mila hakuna wa kuwagusa. Meneja akadhani ni kichekesho cha kutuliza wachezaji. Akatoa noti, akamtupia mapajani, akasema haya mtani, umelipwa, tupishe.

Mama Pili akairudisha noti. Akasema anachodai ni Dastani.

Meneja akamwambia aondoke, akamwambia mara ya pili kwa sauti, kisha faili likaanguka na akasahau kwamba mtani hakasiriki. “Hapa ni kazini,” akasema. “Utani wako peleka msibani.”

“Hapa ni msibani, Christopher,” Mama Pili akajibu. “Mtu amekufa na huyu hakuzika. Hamkumpa hata siku moja ya kulia. Mmempa jezi.”

Christopher akasema kuanzia dakika hiyo hana kazi. Mama Pili akasema sawa, lakini jezi haitoki. Meneja akamwamrisha Dastani avae ya mazoezi. Dastani akasimama kuitii sauti hiyo, akanyanyua mguu kuvaa soksi, na goti likaonekana. Wengine hawakuwa wameliona. Lilikuwa nyama tupu. Akaona tunalitazama, akaanza kucheka, na safari ile hakuweza kuacha. Alicheka akiwa amesimama kwa mguu mmoja, soksi mkononi, mate yanamtoka, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyecheka naye. Nahodha wetu akageuka akakabili ubao.

Nikasema, “Nitadaka mimi.”

Meneja akanigeukia. Alikuwa na machozi ya hasira. “Wewe ulikuwa unaingoja siku hii.”

Nikamjibu ndiyo, nilikuwa ninaingoja, na bado Dastani haendi golini. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani niliupata kwenye lile goti. Nahodha, bado anatazama ubao, akasema na yeye hatoki kama Dastani anatoka. Filimbi ya kuita timu ikalia. Meneja akaketi kwenye dawati la mtoto, akaokota karatasi zake moja moja, akafuta jina moja na kuandika jingine. Mama Pili akainuka, akamvika Dastani khanga yake mabegani, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Ya uwanjani ni machache. Tandahimba hawakumjua Dastani kwa sura, walijua tu anasimama golini. Nilipofika kwenye mlingoti wakaanza. Izraili. Izraili. Jina tulilolikuza sisi kwenye wali lilikuwa limeshapanda mpaka Tandahimba, na sasa lilirudi kwa malori mawili. Kwa dakika tisini niliitwa hivyo. Dakika ya ishirini nilikuwa nimeshachoka kulibeba, nami sikuwa nimemgusa mtu. Tulifungwa mbili bila.

Jua lilikuwa linazama nilipofika nyumbani kwa Mama Pili, sijabadilisha hata viatu. Dastani alikuwa amelala kwenye mkeka chumba cha nje, uso ukutani, na Mama Pili amekaa kwenye kigoda kizingitini. Hakuniuliza matokeo. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kesho asubuhi watakwenda hospitali, kuna muuguzi wa wagonjwa wa akili anayemfahamu, ameshamtumia mtu. Kuhusu kesho kutwa hajui. Amekwisha kuficha visu na kamba ya kuanikia. Alisema Magharibi inampita.

“Kaa hapa nikaswali,” akaniambia. “Asiamke akakuta mlango mtupu. Na usimchekeshe.”

Nikakaa. Nimedaka penalti tatu maishani mwangu na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye kile kigoda. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake, zikipungua nainuka, zikirudi naketi. Niliomba asiamke mpaka mama arudi. Akaamka. Akageuka, akaniangalia, akaangalia viatu vyangu vya njumu, na mimi kinywa changu kikafunguka chenyewe kutafuta mzaha, kwa mazoea. Kulikuwa na mmoja tayari. Nikaumeza.

“Anselmo,” akasema. “Alikuwa na miaka kumi na tisa.”

Wiki tatu tulikuwa tumezungumza juu ya goti, dawa na marudiano. Hakuna aliyekuwa amelitaja jina la yule kijana mbele yake.

“Jafari,” nikasema.

“Jafari,” akasema.

Nikavua viatu, nikaingia ndani, nikakaa mkekani, nikamwomba anieleze alimwona vipi. Akaanza na kamba za viatu vyake, kwamba moja ilikuwa nyeupe na nyingine ilikuwa kipande cha khanga. Akalia. Nikakaa naye.